Sebule Mpya ya Miaka ya Sabini

Nikiingia nyumba ya mtu, hata kabla sijakaribishwa kuketi, macho yangu huwa yameshafika kwenye mapazia. Ni tabia mbaya, najua. Mume wangu amenionya mara nyingi, hasa tukienda kwenye mazungumzo ya mahari, kwamba wenyeji hawakualika mkaguzi. Lakini sijiwezi. Nikiona kabati ya vioo naweza kukuambia fundi wake alikuwa na haraka au la, na kama seti ya chai iliyo ndani hutumika au huonyeshwa tu. Hiyo ndiyo kazi yangu: natengeneza vyumba vya zamani. Watu wakitaka kupiga filamu ya enzi fulani, au familia ikitaka nyumba ya babu yao irudi ilivyokuwa ili wageni waje kuitazama, mimi ndiye natafuta viti, taa, sahani na hata kalenda ya ukutani.

Ninaishi Ruiru, lakini vitu vyangu vinaishi Mwihoko, katika vyumba viwili vya kupanga kwenye ghorofa ya chini. Redio za mbao, pasi za makaa, masanduku ya bati, vikombe vya udongo na vya bati, mapazia ya maua makubwa. Mwanzoni majirani walidhani nauza vyuma chakavu. Walipoona siuzi chochote, mama mmoja wa mlango wa pili aliniuliza kwa upole kama nimewahi kuombewa.

Juu ya rafu ya mlangoni nina makopo manne ya vumbi. Usicheke. Vumbi la Ruiru ni jekundu, la mashariki mwa Thika huko kwenye udongo mweusi ni la kijivu, na ukipaka viti vya huku vumbi la kule, mtu aliyekulia huku atajua umemdanganya ingawa hatajua kwa nini. Kuzeesha vitu ndiko kulikonipa jina katika kazi hii. Kitambaa kipya nakichemsha kwenye majani ya chai mpaka kiwe na rangi ya meno ya mvutaji sigara. Mkono wa kiti naupiga msasa pale mtu angeweka kiwiko. Pembe za fremu nazipaka jivu. Nilikuwa na maringo sana kwa ujuzi huo, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu maringo yenyewe ndiyo yaliyoniponza.

Nyumba ninayotaka kuisimulia iko ng'ambo ya Thika, barabara ya kuelekea Gatuanyaga. Ni nyumba ya mawe yenye veranda, na aliyeijenga alikuwa karani katika shamba la mkonge. Mwongozaji wa filamu yetu aliiona akiwa ndani ya gari, akapiga breki kiasi kwamba mimi na daftari langu tulifika kwenye dashibodi. Alikuwa anatafuta nyumba ya familia ya mwalimu, miaka ya sabini, na kwa nje hakukuwa na cha kubadilisha.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa yule karani, mwenye miaka sabini na kitu, mwembamba, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani. Mimi nilimwita shosho, kama anavyoitwa kila nyanya huku kwetu, naye akaniita mami. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa ufunguo uliofungwa kwenye uzi shingoni mwake, akafungua mlango wa sebule. Ndani mlikuwa na magunia ya mahindi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu. Ukuta ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa kifua, na kuanzia hapo kwenda juu ulikuwa wa rangi ya maziwa. Huko juu, karibu na dari, kulikuwa na miraba miangavu mahali picha zilikuwa zimetundikwa. Hakukuwa na kitu kingine.

"Mambo ya malipo mtaongea na msichana wangu, ako Juja," alisema. "Mimi nataka kitu ingine. Hii chumba muirudishe vile ilikuwa. Nikikuja kuangalia nione si yenyewe, mtaenda kutafuta nyumba ingine, na hatutakosana."

Mwongozaji alimuuliza kama ana picha ya chumba kilivyokuwa. Akacheka kidogo. Picha zilikwenda na vitu vingine. Akatueleza akiwa amesimama palepale mlangoni. Mumewe alikufa angali kijana. Siku ya tatu baada ya mazishi ndugu za mume walikuja na lori. Yeye alidhani wamekuja kumpa pole, akaingia jikoni kupika chai. Aliporudi na trei, kochi lilikuwa tayari liko nje. Walibeba viti, kabati, redio, mapazia, mpaka picha za harusi kwa sababu fremu zilikuwa nzuri. Nyumba ilibaki tu kwa kuwa haibebeki.

"Hakuna mtu aliniuliza hata kitu moja," alisema. "Na chai walikunywa."

Tangu siku hiyo hakuwahi kuweka kiti ndani ya chumba kile. Aliwalea watoto watatu akiwapokea wageni jikoni. Sasa alitaka kukiona tena, mara moja tu, macho yake yakiwa bado yanaona. Nilimshika mkono nikamwambia, "Shosho, utakiona." Nilisema kwa haraka, namna mtu anavyosema akiwa na uhakika na kazi yake.

Kwa siku tano nilikwenda kwake na daftari. Alikuwa na kumbukumbu ya mwili. Hakuweza kuniambia kochi lilikuwa na urefu gani, lakini alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono, akasema hapa ndipo alipokuwa akigonga goti akibeba trei. Nikapima kutoka kwenye goti. Alinionyesha kwa kiganja meza ilifika wapi. Vitambaa vya kuwekelea kwenye viti alivifuma mwenyewe kwa mkono, muundo wa mananasi, akiwa na mimba ya kwanza, na alikumbuka kila nanasi lilikuwa na safu ngapi. Nilimpata mama mmoja wa soko la Githurai 45 anayefuma kwa kasi ya ajabu huku akiuza nyanya, nikampa mchoro. Fundi wangu wa Ruiru, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi na kugombana karibu yote, alitengeneza kochi na viti vinne vya mvule kwa vipimo vya lile goti. Redio kubwa ya miguu nilikuwa nayo Mwihoko. Mapazia nilishona kwa kitambaa nilichokuwa nimekificha kwa miaka nikisubiri nyumba inayostahili.

Fundi alipoleta viti, ving'avu, vikinukia vanishi, nilimpa msasa.

"Ati nikwaruze?" aliniuliza. "Madam, hii ni kazi safi."

"Ni safi kupita kiasi. Kwaruza."

Akakwaruza akinung'unika. Mimi nikachemsha vitambaa vya mananasi kwenye sufuria ya chai. Nikafifisha mapazia. Nikafungua kopo la vumbi la kijivu, nikapuliza kidogo kwenye mikunjo. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikajipongeza. Mwongozaji alipiga picha kwa simu, akasema anasikia harufu ya nyumba ya nyanya yake. Zilikuwa zimebaki siku nne tuanze kupiga filamu.

Mchana huo nilimwita shosho. Alikuja amebadilisha nguo, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunga. Aliingia hatua moja. Akatazama kochi, akatazama mapazia, akakwenda kwenye kiti cha kwanza, akainua kitambaa kwa vidole viwili.

"Ni nani amemwagia hizi vitambaa chai?"

Nilianza kumweleza. Nilitumia ile sauti yangu ya kazi, ambayo leo nikiikumbuka najisikia vibaya. Nilimwambia kwamba kamera inahitaji kuona umri, kwamba vitu vya zamani lazima vionekane vimeishi. Aliniacha nimalize.

"Mami, wewe unafikiria sisi tulizaliwa wazee?"

Akakigeuza kitambaa upande wa pili.

"Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Hiyo kochi ilikuwa inanuka vanishi mpaka unapiga chafya. Hapa hakuna mtu alikuwa anakaa ovyo, hata baba wa watoto mwenyewe, ilikuwa ya wageni. Vitambaa zilikuwa nyeupe mpaka zinaumiza macho." Akakiweka kitambaa chini taratibu, kana kwamba si kosa lake kitambaa. "Hii umeniletea si sebule yangu. Hii ni vile vitu zangu zilichakaa huko zilipelekwa."

Nilijitetea, Mungu anisamehe. Nikasema, "Shosho, kwenye filamu ndivyo tunavyofanyaga."

"Basi fanyeni kwenu," alisema. Akatoka, akangoja nitoke, akafunga mlango, ufunguo ukarudi ndani ya gauni.

Niliendesha gari hadi Juja nikiwa na hasira naye. Nilimwona ni mzee mgumu, asiyejua kazi za watu. Nikasimama kwenye kibanda cha chai karibu na nyumba za wanafunzi, nikaagiza chai na mandazi, nikaendelea kumkasirikia mpaka nikamaliza andazi la pili. Halafu nikafikiria kochi langu mwenyewe. Tulikuwa tumelinunua mwezi uliotangulia, na bado nilikuwa nimeacha karatasi ya nailoni kwenye viti viwili kwa sababu ya wajomba wenye mikono ya mafuta. Nikajiuliza: miaka hamsini ijayo, akija mtu kutengeneza sebule yangu ya leo kwa filamu, atafanya nini? Atachukua msasa. Atalipaka kochi langu vumbi. Na mimi, nikiwa bado hai, nitamfukuza kwa mwiko.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikichanganya zamani na uchakavu. Kila mtu niliyemtengenezea chumba, nilimtengenezea kana kwamba aliishi ndani ya vitu vilivyokwisha kuchoka, ilhali huenda alikuwa kijana, amepata mshahara wa kwanza, na anakipangusa kiti kila asubuhi. Aibu ilinishika nikashindwa hata kumaliza chai.

Asubuhi yake nilimkuta shosho nyuma ya nyumba akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikachutama, nikaanza kuchambua naye.

"Shosho, nimekosea."

"Umekosea, ndio," alisema bila kuinua macho. Hakunirahisishia. Tulichambua mpaka ungo ukaisha, ndipo aliponiuliza, "Wanga wa nguo unajua kupika?"

Nikasema sijui. Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa kuliko ya jana, akaniambia nikalete maji.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa miongoni mwa siku nzuri nilizowahi kufanya kazi. Tuliviloweka vitambaa kwenye dawa ya kuondoa madoa, tukavisuuza maji matatu, maji ya mwisho yakiwa na bluu ya kufulia. Alinifundisha kukoroga wanga wa mhogo usiwe mzito wala mwepesi, kuchovya, kukamua bila kusokota, na kuanika kitambaa juu ya ungo uliofunikwa ili mananasi yasimame yenyewe. Vitambaa viwili vilikataa katakata kuwa vyeupe. Akanirudishia. "Hizi peleka kwa duka yako ya vumbi," aliniambia, akacheka mpaka akashika kiuno. Sakafu niliipiga nta nyekundu nikiwa nimepiga magoti, yeye akiwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akinielekeza kwa fimbo.

Fundi nilimwita tena. Alisikiliza maelezo yangu, mikono kiunoni.

"Wiki jana nimekwaruza hizi mbao karibu nilie. Nilikuambia ni kazi safi."

"Uliniambia."

"Na ukasema?"

"Nilisema ni safi kupita kiasi. Haya, nipige makofi basi."

Hakunipiga makofi. Alipiga vanishi upya mara tatu, na kila ilipokauka alikuwa anapiga mluzi kwa makusudi ili nimsikie.

Mwongozaji alikuja siku moja kabla ya kazi kuanza. Alisimama mlangoni.

"Hii inakaa kama duka ya fanicha," alisema.

"Ndiyo. Vitu vilikuwa vimetoka dukani."

Nilimweleza alichoniambia shosho. Nilimwambia kwamba ikiwa mwalimu wake wa filamu ana kochi jipya, basi mkewe atakaa kwenye ukingo wake tu, na mtoto ataogopa hata kuligusa, na hapo ndipo utaijua familia ile bila mtu kusema neno. Alikuna kidevu. Kesho yake, kabla ya picha ya kwanza, nilimwona akimwambia mwigizaji wa kike apanguse kiti kwa upindo wa kanga kabla ya kuketi. Nilifurahi kimya kimya, kisha nikafurahi kwa sauti, wakaniambia ninyamaze wanarekodi sauti.

Lakini narudi nyuma kidogo, kwa sababu shosho alikuja kutazama jioni ile kabla ya kazi kuanza, jua likiwa bado linaingia dirishani. Mara hii alivua viatu kwenye veranda. Aliingia bila viatu kwenye sakafu nyekundu, akatembea polepole kando ya ukuta, akipima kwa goti. Goti likafika kwenye kochi pale lilipopaswa kufika. Akasimama. Vitambaa vilikuwa vimesimama wima na weupe wake, redio imefunikwa kitambaa chake, mapazia yamenyooka. Nilingoja hukumu.

"Ndio," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Ndio. Ni yenyewe."

Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeanguka bila kuumia, kisha akaketi kwenye kochi, katikati kabisa, mahali pa mgeni wa heshima. Aliniambia kwamba tangu ajengewe nyumba ile hakuwahi kuketi hapo. Alikuwa akileta chai na kurudi jikoni. Akaegemea, akajaribu mto, akauliza kama kuna mtu anaweza kumpikia chai yeye. Nikakimbia.

Kazi ilichukua siku tisa. Kila walipomaliza, shosho aliingia, akaketi nusu saa, akarekebisha vitambaa vilivyosogezwa na waigizaji. Majirani walikuja kutazama, na binti yake alikuja kutoka Juja na watoto. Watoto wakakatazwa kuingia na viatu.

Halafu ikafika siku ya kufungasha. Ni siku ambayo mimi huwa siifikirii kabisa. Kwangu ni kamba, magazeti ya kufungia vyombo, na kuhesabu vikombe. Nilifika asubuhi nikiwa na vijana watatu wa kubeba mizigo. Lori likaingia uani kwa kurudi nyuma mpaka karibu na veranda, likafunguliwa nyuma. Ndipo nilipomwona shosho amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria ya chai mkononi, akilitazama.

Wiki tatu nilikuwa nimekisikiliza kisa cha lori lile, nimekipima kwa futi na kukichora kwenye daftari, na haikunijia hata mara moja kwamba ningemletea lori jingine, na wanaume wa kubeba, na yeye akiwa anapika chai.

Niliwaambia vijana wasiguse chochote. Nikamwendea. "Shosho, nisamehe. Vitu hivi vyote ni vyangu, si vya wenye filamu. Ukitaka vibaki, vibaki. Vyote. Mimi nitatafuta vingine."

Aliweka sufuria chini.

"Vibaki vinifanyie nini? Mahindi nitaweka wapi?" alisema. "Nilitaka kuiona, na nimeiona. Lakini waambie waje hapa waniulize."

"Wakuulize nini?"

"Kila kitu. Moja moja."

Tukamtolea kiti, akaketi kwenye veranda kando ya mlango, mikono juu ya magoti. Nikawaeleza vijana. Walitazamana, lakini walikuwa wamelelewa vizuri. Wa kwanza alikuja, akainama kidogo. "Shosho, mapazia yatoke?" Akafikiria, akasema, "Yatoke." Meza itoke? Itoke. Redio? "Itoke, lakini polepole, si yako." Kwa vitambaa aliuliza kama vimekunjwa au vimerundikwa tu, akaomba aonyeshwe, akaridhika. Kochi alilitazama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, nao wakangoja wameliinua, mishipa imewatoka, hakuna aliyethubutu kulalamika. "Itoke," alisema hatimaye, na niliona mabega yake yakishuka, uso wake ukawa umetulia kama wa mtu aliyemaliza kufua.

Tulikuwa karibu kumaliza, chai imeanza kumiminwa, pale mmoja wa wale vijana alipopita na stuli ndogo ya mbao chini ya kwapa, bila kusema neno, kwa kuwa ilikuwa stuli tu.

"Wewe," shosho alimwita. "Rudisha."

Kijana akarudi ndani, akaiweka stuli chini mahali ilipokuwa. Akatoka mikono mitupu, akasimama mbele yake.

"Shosho, stuli itoke?"

"Itoke," alisema. "Lakini kwanza kunywa chai."